Kupangua kikosi, na alichoacha Ferguson: jibu kwa msomaji wa Mwanjelwa

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Nauza viatu vya mtumba hapa Mwanjelwa, Mbeya. Jumapili kwenye kibanda umiza tulibishana hadi mwenye kibanda akatishia kuzima runinga. Rafiki yangu ni Arsenal kule, Yanga hapa. Anasema kocha anayepangua kikosi kila mechi hajui timu yake, anabahatisha. Akaongeza kwamba hata Ferguson, kocha wa zamani wa Manchester United, hakuacha urithi wowote, aliacha wazee, na timu ikamfia mrithi wake Moyes mkononi. Mimi ni Manchester tangu utoto, ikaniuma. Tumewekeana mchele wa Kyela, kilo kumi. Nani yuko sahihi? Na kwa nini sisi huku kusini tukipata kocha mzuri, akiondoka anaondoka na timu?"

Marahaba, kijana wangu, na kamwene kutoka Iringa. Umenifungia maswali matatu kwenye kiroba kimoja. Nitayatoa moja moja, ila usitegemee nikae upande wako kwa sababu tu umeniamkia vizuri.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Miaka ya nyuma nilikuwa nafundisha timu ya ligi ya mkoa hapa Iringa. Wiki moja tulicheza Mafinga siku ya Jumatano, mvua imenyesha, uwanja umekuwa tope linalovuta mguu, halafu Jumamosi tukawa nyumbani. Mimi ndiyo kwanza nimetoka kozi ya ukocha, kichwa kimejaa hesabu ya saa 72: misuli iliyocheza dakika 90 inataka kama siku tatu kurudi sawasawa, ukiiwahi unaiweka kwenye hatari ya kuchanika. Hesabu hiyo ni ya kweli hadi leo. Basi Jumamosi nikabadilisha wachezaji saba, najiona mwanasayansi.

Saba hawakuwa tatizo. Tatizo ni akina nani. Niliwatoa mabeki wa kati wote wawili pamoja na namba sita, kiungo mkabaji aliyekuwa anacheza mbele yao. Kipa wangu alikuwa na tabia yake: mpira ukiwa bado uko juu anapiga kelele "Yangu!", mapema, kabla hujaamini kama kweli ataufikia. Beki wake wa siku zote akisikia hivyo hageuki. Anapiga hatua moja kando, anamziba mshambuliaji kwa mgongo, kipa anadaka kwa raha zake. Wale vijana wapya hawakuwa wabaya. Mmoja wao alikuwa na mbio kuliko mwenye namba. Lakini kelele ilipopigwa, akageuka kuangalia. Nusu sekunde tu. Mpira ukadondoka katikati yake na kipa, mshambuliaji akausukuma kwa ncha ya kiatu. Dakika kumi baadaye, vilevile tena. Mapumziko nikamkuta kipa kakaa chini anavua glavu, hanitazami usoni. Akasema, "Mwalimu, leo nacheza na wageni."

Tulifungwa 3-1. Tangu siku hiyo nikishika karatasi ya kikosi sihangaiki kuhesabu majina yaliyobadilika. Nahesabu jozi zilizovunjika. Kipa na beki wake wa kati. Mabeki wa kati wao kwa wao. Namba sita na namba nane, kiungo mwenzake. Beki wa pembeni na winga anayecheza mbele yake. Hao wamezoeana kwa miezi, wanaelewana bila kusema, na mazoea hayo hayapumziki wala hayachoki. Yakikosekana uwanjani yamekosekana. Kocha anaweza kubadilisha watu watano na timu isitikisike, mradi kila mgeni ameachiwa mwenyeji mmoja pembeni yake. Anaweza pia kubadilisha wawili tu akabomoa nyumba nzima.

Sasa twende kwa babu yako Ferguson, maana ushahidi wa pande zote mbili upo kwake.

Chukua msimu wa 2008/09. Kipa Edwin van der Sar alikaa dakika 1,311 za ligi bila kuokota mpira wavuni. Mbele kule Ferguson alikuwa anachanganya kama karata: Ronaldo, Rooney, Tevez, Berbatov, leo huyu kesho yule, Park anaingizwa siku ya kumkimbiza mtu mkubwa, Giggs anapumzishwa wiki hii ili acheze wiki ijayo. Mtu wa kibanda umiza angesema babu anabahatisha. Lakini tazama nyuma. Rio Ferdinand alipoumia katikati ya msimu, akaingia kijana Jonny Evans, na aliyekuwa pembeni yake ni Vidic yuleyule. Mwenyeji hakuhama. Kwa hiyo kipa alikuwa na mgeni mmoja tu wa kumwelekeza, na mgeni huyo alikuwa na Vidic wa kumshika mkono. Hapo ndipo utaona babu alikuwa anapangua wapi na wapi hagusi.

Halafu chukua usiku ule wa Camp Nou, Mei 26, 1999, fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya dhidi ya Bayern Munich, ambao najua umeuangalia kwenye simu hadi umeukariri. Watu wanakumbuka dakika za nyongeza. Nenda ukaangalie dakika 90 za kwanza, kama una moyo. United walicheza vibaya, na sababu iko kwenye karatasi ya kikosi. Roy Keane na Paul Scholes walikuwa na adhabu ya kadi. Nafasi wazi ni mbili. Ferguson akamweka Nicky Butt katikati, sawa, huyo ni kiungo. Pembeni ya Butt akamleta Beckham kutoka kulia. Kulia pakabaki wazi, akamhamishia Giggs kutoka kushoto. Kushoto pakabaki wazi, akaingia Jesper Blomqvist. Hesabu mwenyewe: mashimo mawili yamezibwa kwa kusogeza nafasi zote nne za kiungo. Gary Neville hana tena Beckham mbele yake, Irwin hana Giggs, na katikati hakuna aliyezoea kusimama pale na mwenzake. Basler alifunga kwa mpira wa adhabu dakika ya sita, na baadaye Bayern wakagonga mwamba mara mbili, Scholl na Jancker.

Kilichowaokoa ni benchi, na benchi hilo nalo lilikuwa kazi ya mwaka mzima. Msimu ule Ferguson alikuwa na washambuliaji wanne kwa nafasi mbili. Yorke na Cole walikuwa jozi yake ya kwanza. Sheringham na Solskjaer walikuwa wanajua watakaa, lakini walijua pia watacheza. Februari mwaka ule Solskjaer aliingia dakika ya 72 kule Nottingham Forest akafunga mabao manne, mechi ikaisha 8-1. Mtu wa namna hiyo ukimwingiza dakika ya 81 ya fainali haingii kama mgeni. Sheringham alikuwa ameingia dakika ya 67, Beckham akapiga kona mbili, na mengine unayajua.

Kwa hiyo usiku mmoja umebeba kosa la kupangua na faida ya kupangua. Rafiki yako anatazama nusu, wewe unatazama nusu.

Umeuliza kama kupangua ni ujanja au kubahatisha, lakini mara nyingi kocha wala hana uhuru wa kuchagua. Ratiba ndiyo inayochagua. Liverpool ya msimu wa 2021/22 ilicheza mechi 63, kwa sababu ilifika mwisho wa kila shindano iliyoingia. Leicester ya Claudio Ranieri, mabingwa wa 2015/16, ilicheza 43 tu: haikuwa Ulaya, na makombe ya ndani ilitolewa mapema. Ranieri huyo huyo alipokuwa Chelsea Waingereza walimpa jina la utani kwa kuchokonoa kikosi kila wiki. Alipofika Leicester akawa kocha asiyegusa kitu. Mtu hakubadilika tabia uzeeni. Alipewa wiki nzima ya kupumzika kati ya mechi na mechi, angepangua ili iweje? Rafa Benitez naye, akiwa Liverpool, alimaliza mechi 99 mfululizo bila kurudia kikosi kilekile, hadi Novemba 2006, na katikati ya mechi hizo akabeba Kombe la FA. Ukisema mtu huyo hajui timu yake, itabidi ueleze alilibebaje.

Na sisi huku ratiba ina adui mwingine ambaye hawamjui kule Uingereza: barabara. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni kama kilomita 830. Timu ya Ligi Kuu isiyo na hela ya ndege inakaa kwenye basi siku nzima, inapanda Kitonga, inakuja kulala kwenye baridi, inacheza Sokoine, inarudi. Magoti ya beki aliyekaa kwenye kiti cha basi saa kumi na nne hayajali kama jana hakucheza. Ukiona Wajelajela, yaani Tanzania Prisons, wanarudi kutoka Kanda ya Ziwa halafu kocha wao anaanza na vijana wanne wapya, usikimbilie kumtukana. Wengi wanaolia kwamba kocha kapangua kikosi, ukiwachunguza vizuri ni mkeka wao wa kubeti umechanika.

Kuna nafasi zinazovumilia kupanguliwa na zisizovumilia. Mawinga na mabeki wa pembeni ndio wanaokimbia mbio kali kuliko wote, kwa hiyo hao ndio wa kwanza kupumzishwa, na kikubwa ni kuwapumzisha kwa zamu, upande mmoja mmoja. Namba tisa, mshambuliaji wa kati, anapumzishika. Kipa, beki wa kati mmojawapo na namba sita ni nguzo. Waguse kwa sababu ya maana. Mwulize Pep Guardiola kuhusu fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 2021 kule Porto, akiwa na Manchester City. Alianza bila Rodri wala Fernandinho, bila namba sita wa kweli hata mmoja, na Chelsea wakashinda 1-0 kwa bao la Havertz. Miaka miwili baadaye Rodri alikuwepo, na dhidi ya Inter ni yeye aliyefunga bao la ubingwa. Sisemi bao lile lilitokana na kupangwa kwake. Nasema nguzo ikiwa mahali pake, paa halina wasiwasi.

Sasa huyo rafiki yako mwenye Arsenal na Yanga, nina zawadi yake. Mwambie namba 49.

Arsenal ya Wenger ilikwenda mechi 49 za ligi bila kufungwa, ikasimamishwa Oktoba 24, 2004 pale Old Trafford, 2-0, na aliyeisimamisha ni Ferguson wako. Yanga ya Nasreddine Nabi nayo ilikwenda mechi 49 za ligi bila kufungwa, ikasimamishwa Novemba 29, 2022, na Ihefu, 2-1, kule Ubaruku, wilaya ya Mbarali, mkoani kwenu. Namba ileile! Nilikuwa na jirani, Mwananchi damu, alishinda wiki nzima akisema walikatwa pumzi na mwinuko wa Mbeya. Jiji lenu liko juu, mita kama 1,700, hilo sibishi. Lakini Ubaruku iko bonde la Usangu, chini kabisa, kwenye mashamba ya mpunga, na jua lake si la kuvalia sweta. Ihefu waliikamia mechi, wakacheza vizuri zaidi, basi. Mechi 49 huwa zinaisha.

Ninachotaka umwonyeshe ni kilichofuata, kwa sababu kocha utampima siku anayoamka amefungwa. Kwenye ligi, Arsenal baada ya Old Trafford ilitoka sare 2-2 na Southampton nyumbani, ikatoka sare tena na Crystal Palace, na mwisho wa msimu ikawa ya pili, pointi 12 nyuma ya Chelsea. Watu wanasema walivunjika moyo. Mimi nasema walivunjika jozi. Gilberto Silva, mwenzake Vieira pale katikati, alikuwa ameumia mgongo mwanzoni mwa msimu, akakosa sehemu kubwa ya mwaka. Wenger akawa anamzungusha Edu, Flamini, na Fabregas mwenye miaka 17. Watatu hao walijua mpira wote, lakini hakuna aliyejua Vieira akipanda yeye afanye nini. Yanga ya Nabi, kwa upande mwingine, iliamka ikatwaa ubingwa, ikatwaa Kombe la Shirikisho la Azam, ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na kukosa kombe kwa kanuni ya bao la ugenini dhidi ya USM Alger: 1-2 Dar es Salaam, 1-0 Algiers. Nabi alikuwa anapangua, tena sana, ila yeyote aliyeingia alimkuta mwenyeji.

Haya, urithi. Hapa ndipo ulipoumia, kwa hiyo nitakwenda taratibu.

Rafiki yako anasema Ferguson aliacha wazee. Tuwahesabu. Mei 2013 anastaafu, Giggs ana miaka 39, Scholes 38 naye anatundika daluga, Ferdinand 34, Evra 32, Vidic na Carrick 31. Mwaka mmoja baadaye Ferdinand, Vidic na Evra wote wameondoka, kiangazi kimoja. Ukuta mzima. Hapo rafiki yako ana hoja, na wewe usibishe kwa sababu ya mapenzi. Lakini kikosi hicho hicho kilikuwa na De Gea miaka 22, Rafael 22, Welbeck 22, Jones 21, Smalling 23. Na kilikuwa kimetwaa ubingwa kwa pointi 89, kumi na moja mbele ya Manchester City. Timu mfu haibebi ubingwa kwa pengo hilo.

Basi kilikufa nini? Naona watu wanahesabu wachezaji tu, wanasahau waliosimama nyuma ya mstari. Kiangazi kilekile Ferguson anaondoka, David Gill, mtendaji mkuu aliyekuwa anafunga usajili, naye anaondoka. Moyes anafika na watu wake kutoka Everton, na Mike Phelan, Rene Meulensteen na kocha wa makipa Eric Steele wanatoka. Meulensteen ndiye aliyekuwa anaendesha mazoezi ya kila siku. Kiangazi kinapita, anasajiliwa Fellaini siku ya mwisho ya dirisha. Yaani kila jozi ya klabu imevunjwa kwa wakati mmoja: kocha na mtendaji, wachezaji na mkufunzi wao, kipa na mwalimu wake. Ni Jumamosi yangu ya Iringa ileile, isipokuwa kwa mabilioni.

Kuna mechi moja inayonichekesha na kunisikitisha. Februari 9, 2014, United nyumbani dhidi ya Fulham, timu ya mkiani. Moyes akaagiza krosi, na krosi, na krosi, walipiga 81. Ikaisha 2-2. Aliyekuwa amekaa kwenye benchi la Fulham siku hiyo ni Meulensteen. Mtu aliyewafundisha wale wachezaji kupita katikati anawatazama wakitupa mipira pembeni mara 81, na mabeki wake wanaiondoa. Aprili Moyes akafukuzwa, miezi kumi ndani ya mkataba wa miaka sita. Msimu United wakamaliza wa saba.

Kwa hiyo hukumu yangu: Ferguson aliacha kihenge chenye nafaka, lakini nafaka ya juu ilikuwa ya zamani na ilihitaji mtu anayejua kihenge hicho kimepangwaje. Lawama nusu ni yake, kwa kumchagua mrithi na kuondoka wakati mmoja na Gill. Nusu ni ya waliokuja wakafagia wakufunzi kabla hata hawajauliza. Na rafiki yako asicheke sana. Wenger alipoondoka 2018 baada ya miaka 22, Arsenal ilikuwa ya sita, na Emery aliyemfuata alidumu kama mwaka mmoja na nusu tu.

Ukitaka kuona kihenge kilichojaa, itabidi nikuumize kidogo: Liverpool. Klopp aliondoka Mei 2024. Miezi mitatu kabla, fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Chelsea, majeruhi wamejaa, aliwaingiza vijana wa akademia, Clark, McConnell na Danns, na Van Dijk akafunga dakika ya 118. Tazama tena: watoto wale wote walikuwa wamezungukwa na wenyeji. Arne Slot alipofika hakununua karibu mtu, Chiesa tu ndiye aliyeingia kikosini, akamrudisha nyuma Gravenberch acheze namba sita, akapunguza mbio, akabeba ubingwa msimu wake wa kwanza. Sifa ya ubingwa ule ni ya nani? Mbishane hilo Jumapili ijayo.

Swali lako la mwisho ndilo lililonifanya niandike kwa urefu hivi, kwa sababu linauma huku kwetu kuliko la Ferguson.

Msimu wa 2013/14 Mbeya City walipanda Ligi Kuu kwa mara ya kwanza na Juma Mwambusi, wakamaliza wa tatu, nyuma ya Azam na Yanga, Simba akiwa chini yao. Azam walitwaa ubingwa wao palepale Sokoine kwa kuwafunga Mbeya City 2-1, Aprili 2014. Uwanja ulikuwa umejaa hadi juu ya kuta. Halafu? Deus Kaseke akaenda Yanga, wenzake wakafuata njia zao, na Mwambusi mwenyewe akachukuliwa Yanga kuwa msaidizi. Msimu wa 2022/23 timu ikashuka, ikakaa chini hadi iliporudi kwa msimu wa 2025/26. Hapa kwetu Iringa ni hadithi ileile kwa haraka zaidi. Lipuli, Wanapaluhengo, walifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam mwaka 2019 wakiwa na Selemani Matola, wakafungwa 1-0 na Azam kule Lindi. Mwaka uleule Matola akaondoka kwenda Polisi Tanzania, Desemba akawa Simba, na msimu uliofuata fainali ile Lipuli ikashuka. Na Ihefu iliyowafunga Yanga? Haiko tena Mbarali. Imehamia Singida, ikabadilishwa na jina.

Sizilaumu Yanga na Simba kwa kuchukua. Mwenye hela ndiye mnunuzi sokoni, hilo unalijua kuliko mimi. Kinachonikera ni kwamba kocha wa kwetu akiondoka, msaidizi wake naye anaondoka, kwa sababu aliletwa na yeye. Daftari la mazoezi linaondoka kwenye begi lake. Timu ya vijana, kama ipo, inafanya mazoezi uwanja mwingine na mfumo mwingine, kwa hiyo kijana wa miaka 18 akipandishwa ni mgeni kwenye klabu aliyokulia. Nimewahi kuingia kwenye timu fulani kuchukua nafasi ya kocha aliyefanya vizuri, nikaomba kumbukumbu za majeruhi na mazoezi ya msimu uliopita. Nikapewa mipira sita, miwili haina upepo, na orodha ya wanaodai posho. Nikaanza upya, kama alivyoanza yeye, na kama alivyoanza aliyekuja baada yangu.

Dawa yake haihitaji hela za Azam. Mwajiri wa msaidizi na wa kocha wa makipa awe klabu, mkataba wao usifuate wa kocha mkuu. Timu ya vijana icheze kama wakubwa. Mchezaji akiuzwa, auzwe mmoja wa jozi kwa dirisha moja, na aliyebaki asajiliwe mwenzake mapema ili wazoeane kabla naye hajaondoka. Hilo la mwisho viongozi wengi hulisikia kama anasa, hadi wanapouza mabeki wawili Julai na kufungwa manne Agosti.

Jumapili ijayo mkienda kibandani, chukueni karatasi moja na kalamu. Kabla mechi haijaanza andikeni jozi nne nilizotaja kwa kila timu, wekeni alama pale ambapo wote wawili ni wapya. Halafu msitazame mpira tu; kati ya dakika ya 60 na ya 75, miguu inapoanza kuwa mizito, tazameni palepale mlipoweka alama. Mtaona watu wawili wakikimbilia mpira mmoja, au wote wawili wakiuacha. Siku hizi zaidi angalieni na mabadiliko ya wachezaji, kwa kuwa ni watano: kocha akiingiza watatu kwa mpigo na wote wakaenda kukaa upande mmoja wa uwanja, mpinzani mwerevu atahamishia mashambulizi hukohuko ndani ya dakika mbili.

Kuhusu ule mchele: rafiki yako amekosea kwenye kupangua, wewe umepona nusu tu kwenye Ferguson, na wote wawili hamkuhesabu jozi hata moja. Kilo saba zako, tatu zake. Upikwe siku ya mechi ya Mbeya City, na mwenye kibanda naye apewe sahani yake kwa kero mliyompa.